Sabuni ya Mche kwa Mwimbaji

Kila nikinusa sabuni ya mche, narudi kanisani Kibaha, kwenye tamasha la Krismasi la kuwachangia yatima. Mimi, mtoto wa Kiislamu kutoka Kisarawe, niliogopa mno kumwaibisha rafiki yangu aliyenialika.

“We nifuatishe mimi tu,” aliniambia.

Lakini mwimbaji alipopandisha sauti, nilikumbuka harusi za kwetu, ambako mwimbaji hutunzwa kwa kupewa zawadi mkononi. Nikamwendea nikicheza, nikamkabidhi mche wa sabuni niliowaletea yatima.

“Wewe! Kikapu cha michango kile pale!” rafiki yangu alininong'oneza kwa ukali.

Mwimbaji aliendelea kuimba, sabuni juu. Kanisa zima likacheka. Nikaganda pale mbele, miguu imegoma kurudi.

Rafiki yangu akashusha pumzi, akabeba pakiti yake ya chumvi, akaja akicheza kunizidi.