Siku Mlima Ulipopata Mgeni

Nilipokuwa binti wa miaka tisa, kwetu kwenye miteremko ya Loleza juu ya jiji la Mbeya, kila asubuhi Bibi, mama yake baba, alitoka nje na kitenge mabegani, akasimama kando ya banda la kuku na kuutazama mlima. Ukungu uliolala bondeni haukumsumbua. Alisema utaondoka jua likipanda, na kweli uliondoka. Mawingu mepesi ya juu sana, yaliyochanika kama pamba, aliyaita ya wavivu. Lakini wingu lililoota kileleni mapema, likapanda wima huku kitako chake kikizidi weusi, hilo aliliogopa. "Mlima una mgeni," alisema. Siku hiyo vioo vyote nyumbani vilifunikwa na hakuna aliyevaa nguo nyekundu, maana iliaminika vinaita radi.

Iliaminika pia kwamba radi hutumwa, kwamba mtu mwenye chuki anaweza kuiagiza impige jirani yake. Nililijua hilo kama nilivyojua jina langu, ndiyo maana hadi leo sijapata kisingizio.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, jirani yetu Baba Tumaini alipita na jembe na magunia, akipandisha kwenda shambani kwake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Baba Tumaini, leo usipande huko. Mlima una mgeni."

"Viazi vimeanza kuozea ardhini, Bibi. Nitawahi kurudi."

"Basi ukisikia ngurumo ya kwanza, shuka. Acha hata jembe."

Aliitikia kwa adabu, akaenda. Bibi hakutulia tena. Aliingia jikoni, akatoka, akaangalia juu, akaingia. Aliweka sufuria ya maharage jikoni akasahau kuwasha moto. Wasiwasi wake ukaniingia na mimi. Nikawa namfuata mlangoni kila anapokwenda, bila kujua tunangoja nini.

Saa nane ikashuka mvua ya mawe. Ngurumo zilikuwa nyingi, lakini radi ninayoikumbuka ni moja, iliyofanya masufuria yalie kabatini. Mvua ilipokatika, wanaume walipanda shambani wakamkuta Baba Tumaini chini ya mkaratusi, amekwisha kufa.

Msibani sisi watoto tulikaa nyuma ya nyumba. Nikasema, "Bibi yangu alimkataza."

"Alimwambiaje?" akauliza binti mmoja mkubwa.

Wote wakanigeukia. Sikuwahi kusikilizwa na watu wengi namna ile.

"Alimwambia akienda hatarudi."

Siku ya tatu wazee watatu walikuja kwetu. Walikaa kwenye benchi kwa heshima, wakapokea chai. Kisha mmoja akauliza, "Mama, ulijuaje?"

"Niliona wingu."

"Wingu tuliliona wote. Wewe ulisema hatarudi."

Bibi alinitazama. Nilikuwa nachambua maharage kwenye ungo karibu na miguu yake.

"Mimi nilisema hivyo?"

"Sijui," nikajibu, nikaendelea kuchambua.

Hakuna aliyemgusa Bibi. Watu waliacha tu kumsalimia. Mama Tumaini alikuwa akimwona njiani anageuza kurudi alikotoka. Jioni moja jiwe likaanguka kwenye bati letu, na kesho yake likaanguka jingine. Kabla ya mavuno Baba alimpeleka Bibi Iringa, kwa shangazi. Aliondoka na mfuko mmoja wa nguo, na aliponiaga alinishika kichwa kama siku nyingine zote, jambo lililonifanya nisilale vizuri kwa muda mrefu.

Nilimwambia ukweli nikiwa kidato cha nne, nilipokwenda kwa shangazi likizo. Nilikuwa nimeurudia mwenyewe njia nzima ndani ya basi.

"Najua," alisema. "Niliyesema ni mimi. Ningesahau vipi?"

"Kwa nini hukuwaambia wazee?"

"Niwaambie mjukuu wangu ni mwongo? Wangekugeukia wewe."

Nililia sana. Nilipotulia nikamwomba anifundishe alivyolitambua lile wingu, lilikuwa na rangi gani, lilisimama upande gani wa kilele. Nje mawingu yalikuwa yanajikusanya, nikadhani atainuka twende mlangoni.

"Siangalii tena," akasema, akaniomba nimsogezee mto. Alifariki mwaka uliofuata.

Sasa nafundisha jiografia katika sekondari moja hapa Iringa. Nachora mlima ubaoni, na mishale ya hewa yenye unyevu ikipanda mteremko, ikipoa, mvuke ukigeuka matone. Naeleza jinsi ardhi iliyopata joto inavyoisukuma hewa juu zaidi, hadi wingu linakuwa mnara wenye barafu na radi ndani yake. Yote ni sahihi, na wanafunzi wangu hufaulu.

Lakini mawingu yakianza kupanda mchana, siwezi kukaa. Natembea kutoka dirisha hili hadi lile, naangalia simu inasema nini, naangalia tena juu, na wanafunzi hudhani mwalimu wao anaogopa radi. Wingu linavyotengenezwa nalijua vizuri. Saa ya kumwambia mtu aache jembe ashuke, hiyo Bibi aliijua, na mimi ndiye niliyemfanya asimwambie mtu tena.