Mlango Niliotaka Ukatae

Randa ya umeme ya mume wangu ilikuwa nzito kama mtoto wa mwaka mmoja aliyelala, na kila mama anajua aliyelala ni mzito kuliko aliye macho. Niliishika mara ya kwanza majira ya baridi ya mwaka 2015, ndani ya gereji tuliyopanga nyuma ya nyumba ya watu kule Malvern, karibu na Jules Street, ugenini kusini kabisa mwa Afrika. Kabla ya hapo kazi yangu karakanani ilikuwa kufagia maranda na kuleta chai. Nilikuwa nauza vitenge na nilikuwa nimeridhika.

Ila kiharusi hakipigi hodi. Kilimshika mume wangu upande wa kulia, mkono na mguu, na ulimi ukawa mzito. Akabaki kukaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya karakana yake mwenyewe, anatazama mbao. Wateja wakachukua oda zao wakapeleka kwingine. Ikabaki moja tu, mlango wa saluni ya mama mmoja msusi, mtu wa Lubumbashi, aliyesema atasubiri. Mlango wenyewe ulikuwa umeshaunganishwa kabla mume wangu hajaanguka. Ulibaki kupunguzwa pembeni uingie kwenye fremu.

Mimi nilitaka turudi Tanga. Nilikuwa nimechoka, jamani, nimechoka hadi mifupani. Watoto wetu walikuwa kwa mama yangu, wanatujua kwa simu. Nikamwambia, "Tuuze vyombo, baba watoto, twende nyumbani." Akanitazama, akayatafuta maneno, akasema, "Nirudi nimebebwa?" Tukanuniana siku kadhaa.

Halafu akaja na sharti lake. Mlango ule niumalize mimi. Yeye atasema, mimi nitafanya. Ukikaa na kufunga, tunabaki na karakana inaendelea. Ukishindikana, tunauza kila kitu, tunapanda basi, na yeye hatafungua kinywa kulalamika. Nilikubali upesi sana. Nani asingekubali? Mimi hata msumari nikiupiga, napiga kidole.

Asubuhi ya kwanza nikaingia na dera langu. Akatikisa kichwa. "Dera... hapana. Litavutwa." Basi nikavaa suruali yake, nimeifunga kiunoni kwa kamba, khanga nimejitanda puani kuzuia vumbi. Mama mkwe angeniona angezimia pale pale. Yeye mwenyewe alicheka kwa pua, nikamwambia acheke tu, zamu yake ya kuvaa dera inakuja.

Lile dude likiwaka, linakuvuta. Nilidhani mimi ndiye nitakayelisukuma, kumbe lenyewe linataka kwenda, nawe kazi yako ni kulizuia lisile kupita kiasi. Waya niliupitisha begani usikatwe. Uzito uweke mbele unapoanza, alisema, na nyuma unapomaliza. Nikasahau, mwisho wa mlango ukatoka na kibonde. Nikarudia kwenye kipande cha mbao mbovu mpaka mabega yakawaka moto. Yeye kasogeza kiti chake hadi ukutani penye soketi, mahali pa baridi kuliko pote, wakati jua limejaa mlangoni. "Ota jua, baba watoto, utapata na kichomi juu ya kiharusi!" Akabaki pale pale. Ukaidi wake haukuguswa na ugonjwa hata kidogo.

Jambo la ajabu ni kwamba nilitaka nishindwe, lakini mkono ulikuwa haukumbuki. Nikianza tu kusukuma, nasahau Tanga, natazama ubao. Nikizima mashine ndipo nakumbuka, na uchovu wote unanirudia.

Siku moja nikiwa katikati ya mlango, umeme ukakatika. Mgao. Mwaka ule tulikuwa tumeuzoea kama tulivyouzoea nyumbani. Randa ina kitufe cha kuishikilia iendelee kuwaka yenyewe bila kubanwa na kidole, nami nilikuwa nakitumia kwa sababu kidole kilikuwa kinakufa ganzi. Ikanyamaza, nikaiacha pale pale juu ya ukingo wa mlango, nikaenda kuchemsha chai kwenye jiko la gesi. Kitufe sikukikumbuka. Mtu akichoka, kitu kilichonyamaza anakiona kimezimwa.

Nilikuwa narudi na vikombe umeme uliporejea. Mtume! Randa ilinguruma peke yake, ikainamisha pua, ikaung'ata mlango, kisha ikaanguka sakafuni inarukaruka kuelekea mguuni kwa mume wangu, ule mguu usioweza kusogea. Nikapiga kelele, chai ikamwagika. Yeye alinyoosha mkono wa kushoto, akachomoa plagi ukutani. Ikanyamaza. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini siku zote zile alikuwa amekaa penye baridi.

Nililia kwa woga. Kisha nikautazama mlango, ukingo umenyofolewa kama mkate ulioumwa na mbwa, na, Mungu anisamehe, moyo ukaruka kwa furaha. "Umeharibika," nikasema. "Basi, baba watoto. Tumejaribu."

Akaniomba nimsaidie kusimama. Akajikokota, akapapasa lile jeraha kwa kidole. "Bawaba," akasema. "Upande huu... ndio wa bawaba. Kata pawe sawa. Bandika kipande. Bawaba ikae juu." Loh! Moyo ukashuka mpaka kwenye viatu vyake nilivyovaa. Nilikata, nikapaka gundi, nikabandika, huku machozi na vumbi vikichanganyika, na bawaba ilipokaa hapakuonekana kitu.

Siku ya kuufunga tulikodi bakkie, pikapu kwa lugha ya kule, mlango umelala nyuma na kiti chake cha plastiki kando. Yeye akakaa nje ya saluni, mimi nikaingia na vyombo. Nikaning'iniza mlango, nikausukuma. Ukagoma. Ulibana juu, kwenye kona, ukabaki wazi upana wa kiganja.

Msusi akanionea huruma. "Mama, haina shida. Iache tu hivyo, umechoka."

Nami nilikuwa nimechoka kweli. Mume wangu alikuwa nje, hakuweza kuona. Ilikuwa kazi ya kusema neno moja tu, umeshindikana, na tungekuwa Tanga. Badala yake nikapitisha kidole ukingoni, nikapaona panapobana. Nikaushusha mlango, nikautegemeza ukutani, nikachomeka randa. Uzito mbele, uzito nyuma. Mara moja tu, nyembamba, kikatoka kipande kimoja cha maranda kama ganda la kitunguu. Nikazima, nikakiangalia kitufe, nikachomoa plagi. Nikaurudisha mlango kwenye bawaba na kuusukuma kwa kidole kimoja. Ukaenda wenyewe, ukafunga taratibu.

Ndipo nikajua nimefanya nini.

"Iko muzuri, muzuri sana!" msusi akapiga makofi, akafungua, akafunga, akafungua tena. Akamwendea mume wangu nje. "Papa, na ule wa nyuma mtanitengenezea, eh? Na rafu." Mume wangu akacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki, kicheko cha sauti, cha kwanza tangu aanguke. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kwenye maranda, nalia.

"Anafurahi," msusi akasema.

Nilipotoka, mume wangu akashika pindo la khanga yangu kwa mkono wake mzima, akanifuta uso. "Usilie, fundi," akasema, na neno hilo lilitoka bila kukwama.

Jioni mama alipiga simu kutoka Tanga. Mtoto wetu mdogo akaichukua, akauliza kama kawaida yake, mnakuja lini. Nikampa simu baba yake.