Kadi ya Picha ya Marehemu wa Muleba

Siku yangu ya kwanza dukani Bukoba, Meneja, Mhindi mzaliwa wa hapo hapo aliyenishinda Kihaya, alinishikisha kadi ya picha, ile sehemu ya kompyuta inayochora kila unachokiona kwenye skrini.

"Hivi vipande vyeusi ni memori yake," alisema. "Ina kasi, na ina muda wa kusubiri kabla ya kujibu. Kasi ikipanda, picha nzito zinateleza. Ukibana mno muda wa kusubiri, kadi inachukua jibu ambalo halijaiva. Hapo utaona vituko."

Nilicheka moyoni. Kwamba haraka haraka haina baraka nilishafundishwa shuleni.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Muleba, chini ya Msimamizi, mtu mkali asiyependa maswali. Huko akaja Ma Koku, mjane, pamoja na shemeji yake aliyebeba kompyuta. Marehemu mumewe alihariri video za misiba, na ili amalize kazi mapema alipandisha kasi ya memori na kubana muda wa kusubiri. Wanaukoo walipotazama video ya mazishi yake kwenye kompyuta hiyo hiyo, waliona mtu asiye na sura, miraba ya rangi tupu, amesimama migombani nyuma ya kaburi.

"Shemeji atueleze huyo ni nani," alisema yule bwana. "Marehemu hakulala salama. Asipotueleza, atoke kibanjani, aache nyumba na migomba ya ukoo."

Nikarudisha kasi na muda kama vilivyotoka kiwandani. Tukatazama tena, mchana kweupe. Migomba tu. Yule bwana alinuna, akakiri mbele ya Msimamizi kwamba kosa ni la kadi, akaondoka.

Ma Koku hakuinuka. "Fundi, waitu," alinisihi kwa Kihaya, "irudishe kama marehemu alivyoiacha."

"Itaharibu picha, Ma Koku."

"Kibanja nimebaki nacho. Naomba na yeye abaki."

Nikairudisha.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kama wapandishe kasi ya memori. Nawaambia pandisheni kidogo kidogo, mkiona miraba rudini nyuma. Makosa ya memori hutawanyika, leo juu, kesho pembeni, hayachagui mahali.

Mwaka huu nilikwenda kumsalimu Ma Koku. Akaniwekea ile video kwenye kompyuta ya marehemu. Yule mtu hakuwa tena nyuma ya kaburi. Alikuwa amevuka uwanja, yuko kizingitini, mkono kwenye mlango wa nyumba ile ile tuliyokuwa tumekaa. Niliogopa, sifichi.

Ma Koku akainuka taratibu, akaenda kufungua mlango.