Ufa Nyuma ya Kabati

Walimwita Timazi, kwa jina la ule uzi wenye chuma kizito nchani ambao fundi mwashi huuteremsha kando ya ukuta kuona kama umesimama wima. Kwa miaka arobaini mzee huyu alijenga kuta zilizonyooka hata watu wakatania kuwa mlevi akiegemea ukuta wa Timazi hurudi nyumbani akitembea wima. Yeye mwenyewe hakucheka sana utani huo. Aliupokea kama haki yake.

Magoti yalipoanza kumgomea aliweka mwiko chini, akabaki na mkewe, Mama Pacha, katika nyumba ya vyumba vitano aliyoijenga kwa mikono yake. Pacha wao walikuwa wamekwisha kukua. Mmoja alihamia mbali. Wa pili alikuwa mwalimu, akiishi na mke na watoto watatu katika vyumba viwili ambamo mtu akitaka kugeuka sharti apige hodi. Basi wazee wakakaa, wakashauriana, wakaona si haki wao wawili kupishana na mwangwi wao huku wajukuu wanalala kama kuni. Mwalimu angehamia nyumba kubwa. Wazee wangekwenda kwenye kijumba cha vyumba viwili ambacho Mama Pacha aliachiwa na dada yake, mwisho wa mtaa uleule.

Lakini vitu vya vyumba vitano haviingii katika vyumba viwili. Mama Pacha akatandika mikeka mitatu uani: mmoja wa vitu vya kwenda navyo, mmoja wa kugawa, mmoja wa kuchoma. Timazi alikuwa mwepesi wa kutupa kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Redio tatu zisizosema, sufuria zisizo na masikio, vyandarua vyenye matundu ya kupitisha kuku, vyote alivirusha. Mkewe alimfuata nyuma akiokoa hiki na kile. Waligombana nusu siku juu ya kigoda chenye miguu miwili. Timazi aliuliza kigoda cha miguu miwili kinamkalisha nani. Mama Pacha akajibu kuwa kinamkalisha mwenye subira, na kigoda kikalala kwenye mkeka wa kwanza.

Siku ya nne mama akatoka kwenda kugawa vyombo kwa jirani. Timazi akabaki na kabati la chumba cha nyuma, kabati la milango mitatu, la mbao ngumu, ambalo halikuwa limesogezwa tangu pacha wanatambaa. Akatoa nguo zote, akalaza gunia bichi chini ya miguu ya kabati, akalisukuma kwa bega. Likateleza kwa wepesi uliomshangaza. Likajiendea lenyewe hatua nzima, kana kwamba sakafu imelivuta upande wa pili.

Alipoinua macho aliona ufa.

Ulianza sakafuni ukiwa mwembamba kama unywele, ukapanda kwa kufuata maungio ya matofali, ngazi kwa ngazi, hadi chini ya dari. Huko juu kidole chake cha shahada kiliingia chote. Akakitoa kidole kikiwa na vumbi la saruji, akalinusa. Vumbi lilikuwa jipya.

Mtu mwingine angewaza plasta. Timazi hakuwaza plasta, kwa kuwa alijua kilichokuwa chini ya chumba kile. Waliponunua kiwanja palikuwa na shimo la choo cha zamani, refu, lenye giza hata mchana. Shimo la namna hiyo hujazwa kwa mawe, likashindiliwa tabaka kwa tabaka, likaachwa msimu mzima wa mvua, kisha likafunikwa kwa zege yenye nondo. Hayo ndiyo aliyowafundisha vijana wake. Lakini mwaka ule mkewe alikuwa na mimba ya pacha, na mwenye nyumba waliyopanga alishawapa siku za kutoka. Timazi alimwaga matofali yaliyovunjika, akatupia udongo, akakanyagakanyaga kwa miguu, akajenga juu yake. Hakumwambia mtu.

Akalisukuma kabati lirudi mahali pake. Safari hii lilikuwa zito.

Mama Pacha aliporudi alimkuta amekaa uani mbele ya mikeka, mikono juu ya magoti. Akaambiwa kabati la chumba cha nyuma halitahama, wamwachie mwalimu. Mama akastaajabu, maana asubuhi ileile Timazi ndiye aliyesema kabati lile litapasuliwa kuni. Akaendelea kukunja nguo. Ndoa ndefu humfundisha mtu lini aulize na lini angoje.

Siku iliyofuata mama alipokwenda sokoni, Timazi alikata kipande cha kioo chembamba, akapenya nyuma ya kabati, akakibandika juu ya ufa kwa saruji pande zote mbili. Ni njia ya zamani ya waashi. Ukuta uliotulia hukiacha kioo kizima. Ukuta unaotembea hukivunja. Tangu hapo akawa hana usingizi wa mchana wala hamu ya kutupa kitu. Alikwenda chumba cha nyuma mara kumi kwa siku, akimwambia mkewe anatafuta kofia, na kofia iko kichwani.

Kwenye siku hizo mkwe wake, mke wa mwalimu, akaja na kamba ya kupimia. Alikuwa muuguzi, mwanamke wa maneno machache na mikono mepesi. Alipita chumba kwa chumba akipima vitanda vitakaa wapi, akakiacha cha nyuma mwisho. Akasimama katikati yake, akavuta pumzi.

"Baba, hiki nitawapa watoto," alisema. "Kina ubaridi mzuri."

"Kina ubaridi," Timazi akajibu, akamshikia ncha ya kamba.

Mkwe akapima mahali pa vitanda vitatu, vyote vikiwa vimeegemezwa ukuta uleule. Akaaga. Timazi akabaki akitazama alama za chaki alizoziacha sakafuni. Mstari mmoja ulipita sawasawa juu ya mahali palipokuwa na mdomo wa shimo.

Kesho yake adhuhuri, jua kali, wala wingu halikuwepo, alikuwa akila na mkewe waliposikia sauti ndogo, tik, kama mtu amevunja kijiti. Mama Pacha akaendelea kutafuna. Timazi akaweka tonge chini. Alikwenda akapenya nyuma ya kabati, akakuta kioo kimekatika vipande viwili, na kati ya vipande pana nafasi.

Alipogeuka, mkewe alikuwa mlangoni.

"Toka huko, Baba Pacha," alisema taratibu. "Toka kwanza, halafu uniambie."

Akatoka, akamweleza yote uani, katikati ya mikeka: shimo, matofali, haraka, miaka yote ya kunyamaza. Mama alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mama akamwambia kuwa mlango wa chumba kile umekuwa ukigoma kufungika mwaka wa pili sasa, na yeye amekuwa akiupaka sabuni asimsumbue.

"Kila mteja aliyechelewa kukuita ulimsomea ile ya kuziba ufa na kujenga ukuta," akasema. "Kumbe wako uliuwekea kabati."

"Nilifanya kwa ajili yenu."

"Najua. Na leo ungewalaza wajukuu juu yake kwa ajili ya nani?"

Jioni hiyohiyo alimwita mwanawe na mkwe, akawaambia kwa kinywa chake. Mkwe ndiye aliyenyanyuka, akafunga mlango wa chumba cha nyuma kwa kufuli, ufunguo akautia kwenye mfuko wake wa kazini.

Walihama siku ya tatu, wote wazee kwa vijana, maana vyumba vya mwalimu vilikuwa vimekwisha kupata mpangaji mwingine, wakabanana katika kijumba cha vyumba viwili. Siku ya tisa, asubuhi ya kawaida, jirani walisikia nyumba kubwa ikiguna. Chumba cha nyuma kilizama na kabati lake, ukuta ukafuata, na vumbi likatanda juu ya mtaa kama moshi. Hakuna aliyeumia. Watu walikuja kumpa pole Timazi na kumshukuru Mungu kwa niaba yake, naye aliitikia kila pole akiona haya.

Kisha akaja mwenye duka la nafaka. Alikaa, akakohoa, akauliza kwa adabu ghala lake Fundi alilijenga mwaka gani, maana mlango wake siku hizi unakwaruza chini.

Timazi alimtazama mkewe. Kiwanja cha ghala nacho kilikuwa na shimo. Mtu ukishafanya haraka mara moja na ukuta ukasimama, mara ya pili haraka hukujia kwa jina la uzoefu. Alimwambia mwenye duka akatoe magunia yote na asimruhusu mtu kuingia. Mama Pacha akachukua daftari la mkwe, akamwambia ataje majengo mengine ya namna hiyo. Akataja. Nyumba ya mshonaji, sasa tupu, wenyewe wamehama. Stoo ya nyuma ya zahanati. Alipofika la nne akainuka, akatafuta kofia yake kweli safari hii.

Lilikuwa darasa la watoto wa chekechea.

Alikwenda kwa miguu, magoti yakimlilia, nyundo mfukoni. Watoto walikuwa wanaimba namba. Alimwomba radhi mwalimu wao, msichana mmoja, akapiga magoti pembeni, akagonga sakafu karibu na dirisha, ikaitika kwa sauti kavu. Akasogea. Akagonga katikati, chini ya mkeka walipokaa wadogo kabisa. Sakafu ikaitika kama ngoma.

"Mwalimu," alisema, bila kuinuka, "watoe nje mmoja mmoja. Wasikimbie."