Wimbo wa Majembe, Siku Mumbua Alipoanguka

Mwanangu, mwaka ule tulikula ugali wa manjano, wa mahindi ya msaada, ambao hata kuku aliuangalia kwanza. Nilikuwa msichana wa nguvu hapa Kalamba, na sauti nilikuwa nayo, siwezi kudanganya. Mwethya wetu, kikundi cha wanawake cha kusaidiana kazi, ulichimba mitaro ya kushika maji, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mimi ndiye niliimbisha. Nasema neno, wao wanajibu, majembe yote yanashuka pamoja: puu!

Siku tuliyochimba kwa mama yangu, jembe moja likashuka nje ya wimbo. Kugeuka, nikaona mdogo wangu Mumbua ako chini, anatetemeka, povu mdomoni. Kifafa.

Wenzetu wakarukia ng'ambo ya mtaro. Waliamini povu likikugusa, na wewe utaanza kuanguka. Kiongozi wetu, Mama Ndunge, akanipigia kelele:

"Toka hapo! Nani atakuoa ukianza kuanguka? Na huyo asirudi kwa mwethya tena!"

Asirudi? Sasa nani angemchimbia? Siku akipata shamba lake mwenyewe, lingebebwa na mvua lote, akae na njaa.

"Simwachi. Akiamka atanikuta."

Susu, nyanya yangu, alikuwa amenionyesha: ondoa jembe karibu naye, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize. Ngoja. Nikamwekea leso chini ya kichwa. Na vile kungoja ni kugumu, nikaanza wimbo wetu polepole, nikipiga kofi gotini pale majembe hushuka. Mara sauti moja ikajibu kutoka ng'ambo. Halafu nyingine. Ule wimbo ulikuwa umewaingia miguuni! Wakarudi wakijibu, mpaka Mama Ndunge mwenyewe akasimama kutukinga jua.

Kutetemeka kukaisha. Mumbua akalala kidogo, akaamka, akatuangalia sana.

"Mbona mmesimama? Mtaro utajichimba?"

Tulicheka mpaka machozi.

"Pumzika," Mama Ndunge akamwambia. "Sehemu yako nitachimba mimi." Mambo ya kumtoa hakuyataja tena.

Baadaye dawa za hospitali zilimtuliza. Leo ana wajukuu.

Kwa hivyo, mwanangu, mtu akianguka mbele yako usikimbie. Hilo povu halikufanyi kitu. Kaa naye, na kutetemeka kukikawia kuisha, tafuta gari la hospitali. Na Mungu akupe mtu wa kukaa nawe siku yako.

Mumbua bado huanguka mara mojamoja. Juzi alipoanguka, wajukuu wake waliniambia, "Susu, umechoka, enda ulale, tutamwangalia."

Nikawajibu vile nilijibu siku ile:

"Simwachi. Akiamka atanikuta."