Maharage Kwenye Bustani ya Mawaridi

Enzi zetu masika yalikuwa masika kweli. Wenzangu mliokulia Morogoro mtanielewa. Mvua ilianzia juu Uluguru, ukaisikia inakuja kabla hujaiona, na mama zetu wakakimbilia nguo kwenye kamba huku sisi tukikimbilia nje. Tulioga mvua mpaka meno yakagongana. Tulicheza rede kwenye matope, tukateleza, tukachapwa kwa sababu ya sare za shule, na kesho yake tukarudi kuteleza palepale. Tukishachoka tulikaa jikoni kwenye moshi, tukala magimbi ya kuchemsha na chai ya mchaichai, na hakuna aliyeuliza kama kuna kitu kingine. Wajukuu zangu leo mvua ikianza wanakimbilia kutazama kama simu zimejaa chaji, umeme usije ukakatika.

Nyumbani kwetu Kilakala masika yalikuwa na kazi nyingine pia, kazi ya mawaridi. Mama yangu alizaliwa Mgeta, huko milimani, na usichana wake aliutumia kwa masista wa misheni, akiwasaidia bustanini na kujifunza kushona. Alipoolewa na Baba, aliyekuwa karani hapa mjini, alishuka na sanduku la bati na vijiti vya waridi. Nyumba za wenzetu zilikuwa na mibuni na michungwa mbele. Yetu ilizungushiwa uzio wa minyaa, na ndani ya uzio, tangu mlangoni hadi njiani, palikuwa na mawaridi matupu: mekundu, meupe, na aina moja ya rangi ya embe bivu ambayo harufu yake ilikuwa inamfikia mpita njia kabla hajabisha hodi.

Sisi watoto tulikuwa watumishi wa maua yale. Tuliokota samadi ya mbuzi kwa majirani. Tuliokota majani yenye madoa meusi na kuyachoma, maana Mama alisema ugonjwa wa waridi hulala chini ukisubiri. Maji ya kufulia hayakumwagwa. Yalinyunyizwa kwenye machipukizi ili vidukari viondoke na povu. Kumwagilia ilikuwa alfajiri, tena shinani tu. "Waridi hunyweshwa miguu," alikuwa akisema, "halioshwi uso." Mjukuu wangu mmoja humwagilia ya kwangu saa saba mchana, kwa mpira, kuanzia juu, huku akijipiga picha. Namshukuru Mungu kwamba walau anamwagilia.

Sasa, jambo kubwa katika bustani ya Mama lilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Wengine walikuwa wanatembeleana na kumalizia pilau. Mama alikuwa anachukua mkasi na kupogoa. Alikata bila huruma. Tawi lililomfika mtu mzima kifuani alilirudisha usawa wa goti, akatoa majani yote, na jioni bustani ikabaki visiki vyenye miiba. Mtu asiyejua angeapa kuwa mawaridi yale yamekufa. Lakini masista walimfundisha, na yeye akatufundisha, kwamba waridi likikatwa siku ile huchipua, hukua na kufungua maua yake wakati wa sikukuu ya Ekaristi, Padre anapoipitisha mitaani Sakramenti, mkate tunaoamini ni Kristo mwenyewe, na watoto waliovaa nyeupe wanatangulia mbele wakimwaga maua barabarani.

Mwaka niliopokea komunyo ya kwanza, mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao. Nguo yangu ilishonwa mapema. Kikapu kilitandikwa kitambaa cheupe. Na mwalimu wetu wa dini, mzee mpole ambaye hakurudia neno, alitupa sharti moja: maua ya kumwaga mbele ya Ekaristi hayaombwi kwa jirani wala hayachumwi njiani. Ni sadaka, na sadaka hutoka kwenu. Asiye na maua atatembea na mikono iliyofumbwa, naye pia atakuwa amesali. Sote tulielewa, na kila mmoja akajiombea moyoni asiwe yeye wa kufumba mikono.

Mimi sikuwa na wasiwasi. Mtoto wa nyumba ya mawaridi angeogopa nini?

Mama alipogoa Jumatatu ile kama kawaida. Siku mbili baadaye ikaja habari ya msiba Turiani, rafiki yake wa tangu misheni amefariki, naye akafunga kanga na kuondoka. Hakuwa amefika mbali, nadhani, Mjomba Damiani aliposhuka kutoka Mgeta kwa lori la kabichi.

Mjomba alikuwa kaka mkubwa wa Mama. Mliozaliwa Uluguru mnajua maana yake. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Baba alikuwa akituambia kwa utani kwamba yeye nyumbani mwake ni mgeni mheshimiwa, mwenye nyumba yuko Mgeta. Mjomba alikuwa mkulima, mtu mrefu mwenye viganja kama jembe, na kulikuwa na kitu kimoja duniani alichokuwa hawezi kukivumilia: ardhi nzuri kukaa tupu wakati wa mvua. Akipita Mlali njiani na kuona shamba halijapandwa, alifika kwetu bado anawasikitikia wenye shamba.

Basi, asubuhi Baba alikwenda kazini na sisi shuleni. Mjomba akabaki peke yake na kile kipande cha ardhi nyeusi, yenye samadi ya miaka, imelowa vizuri, na juu yake visiki vikavu. Alimhurumia dada yake. Yuko msibani, na huku maua yake yamekufa. Akachukua jembe.

Tuliporudi jioni, bustani ilikuwa imekwisha kulimwa, matuta yamenyooka, na ndani yake maharage aliyokuja nayo, ile mbegu ya kwao inayotambaa juu ya fito. Visiki vilikuwa jikoni, vimeingizwa chini ya chungu cha njegere, na vilikuwa vinawaka vizuri. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda, amechoka na kufurahi. Alituambia tumwambie Mama, akirudi, kwamba mwaka huu hatanunua mboga.

Nilimtazama Baba. Alivua kofia, akatazama matuta, akatazama moto, akamwambia shemeji yake pole kwa kazi. Mimi nililia nyuma ya choo, mahali ambapo watoto wa enzi zetu tulikuwa tunalilia.

Mama alirudi Mjomba akiwa bado yupo, na maharage yakiwa yametoa majani mawili mawili. Nilisimama mlangoni nikingoja mvua ya maneno. Mama aliweka mzigo wake chini, akatembea polepole kati ya matuta hadi mwisho, akarudi. Kisha akamletea kaka yake maji ya kunawa, akapiga goti, akasema, "Ahsante kaka, umenilimia."

Mjomba alipoondoka niliomba ruhusa ya kuyang'oa yote. Mama alinikalisha na kuniambia neno ambalo nimelitumia katika ndoa yangu, katika jumuiya yetu ya kanisa, na hata kwa wakwe: "Aliyekulimia hagombezwi. Mjomba wako hakutuharibia, ametupenda kwa jinsi anavyojua." Nikauliza kuhusu kikapu changu. Akasema kung'oa chakula ni dhambi, na kikapu ni cha Mungu, atajua mwenyewe.

Tukayapalilia maharage. Yakapanda fito, yakafika juu kuliko mawaridi yalivyowahi kufika. Kila asubuhi niliyamwagilia shinani, kwa kununa. Wenzangu darasani walikuwa wanahesabu maua yao. Mmoja alikuwa na bugenvilia, mwingine asumini, mwingine maua ya njano ya mti wa uani kwao, nasi tulimcheka. Waliponiuliza nilisema mawaridi yetu mnayajua. Huo haukuwa uongo, lakini ulikaribia.

Jumapili ya Ekaristi ilipofika, Mjomba alishuka tena, na kuku mkononi, kumwona mpwa wake akivaa nyeupe. Tulikuwa uani tayari kwa kuondoka. Akanisifu nguo, akanisifu viatu, kisha akainamia kikapu.

"Mbona hakina kitu?"

Baba alianza kufunga upya kamba za viatu vyake. Mjomba alirudia kuniuliza mimi, kwa upole, na mtoto akiulizwa na mjomba wake hujibu. Nikasema, "Maua yetu yalikuwa pale, Mjomba. Kwenye maharage."

Niliuona uso wake ukizirudia siku zile moja moja hadi kwenye lile jembe. Akamgeukia Mama.

"Vile vijiti, Agatha?"

"Ndiyo, kaka."

"Mimi nilijua vimekufa."

"Hukatwa vile ili vifungue leo."

"Na siku zote hizi mkanikalia kimya, mkanipalilia maharage?"

"Ningesema nini?" Mama alijibu. "Ulikuwa umeshachoka kwa ajili yangu."

Mjomba alichukua kikapu mkononi mwangu. Alikwenda moja kwa moja kwenye matuta, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijakiona kwa mkulima mwingine yeyote wa Uluguru hadi leo. Maharage yalikuwa katika maua, yale maua madogo meupe yenye wekundu kidogo pembeni, kila moja likiahidi ganda. Alianza kuyachuma. Viganja vile vikubwa vilikuwa vinashika kila ua kwa ncha za vidole, fito baada ya fito.

Mama alishtuka zaidi ya siku ile aliporudi msibani. "Kaka, hicho ni chakula."

Hakusimama wala hakugeuka. "Na anayepita leo ni nini?"

Mama aliweka mkono mdomoni. Baba, aliyekuwa msomi wa nyumba, aliacha kamba za viatu. Maua yote ya bustani ile yalitosha kufunika kitako cha kikapu tu.

Tulitembea kutoka kanisani kwa mwendo wa Padre, monstransi, chombo cha kubebea Sakramenti, ikimeta chini ya mwavuli wa kitambaa, wimbo wa Kilatini mbele na wa Kiswahili nyuma, na mlima umesimama wazi bila wingu. Wenzangu walikuwa wanamwaga kwa viganja. Mimi nilikuwa nadondosha moja moja, hatua kadhaa kati ya ua na ua, ili yafike hadi mwisho. Yalikuwa madogo kiasi kwamba mtu wa pembeni asingeyaona. Lakini Mjomba, aliyekuwa kwenye safu ya wanaume, aliona kila moja lilipoangukia. Najua, kwa sababu nilikuwa namwangalia, na midomo yake ilikuwa inatembea. Mwalimu wa dini alipita karibu yangu, akatazama ndani ya kikapu, akatazama usoni mwangu, akasogea mbele. Baadaye alitumia maharage yale katika mafundisho mpaka alipostaafu, ingawa hakututaja.

Mwaka ule tulivuna maharage ya mlo mmoja tu, ya maua yaliyochelewa kufunguka. Tuliyala na Mjomba, aliyeshuka tena kwa ajili hiyo, na safari hii alikuwa amebeba vijiti vya waridi alivyowaomba masista, amevifunga kwa ganda la mgomba na kuvilowesha njia nzima. Alichimba mashimo mwenyewe, Mama akimwelekeza, na kila Mama aliposema chimba zaidi, alichimba bila kubisha. Wote wawili Mungu amekwishawaita. Vijiti vya vijiti vile ndivyo vilivyo mbele ya nyumba yangu leo, na Jumatatu ya Pasaka, magoti yakiniruhusu, napogoa. Mjukuu wangu huniuliza kila mwaka, "Bibi, mbona unayaua?" Namwambia asubiri. Kusubiri, hilo nalo ni somo ambalo simu yake haina.

Nina mengi ya kushukuru. Nilipewa mama aliyenyamaza pale ambapo wengine tungepayuka, na mjomba asiyeona aibu kurekebisha kosa mbele ya watoto. Nimeijua imani yangu vitabuni na kwa walimu wazuri, lakini asubuhi ile uani ndipo nilipoielewa.

Siku hizi parokiani tuna kamati ya maua. Vijana wanajitolea kweli, Mungu awabariki, wanachangishana kwa simu na sikukuu inapendeza kuliko zetu. Ila mwaka jana nilichelewa nyuma ya maandamano kwa ajili ya magoti haya, nikawaona mabinti wawili wenye mifuko wanafuata barabarani wakiokota petali. Nilidhani wanafagia. Wakaniamkia shikamoo, wakaniambia kwa furaha kwamba haya ni ya kitambaa, Bibi, hayanyauki. Wanayaosha, wanayaanika, na mwakani yanamwagwa tena. Niliwaitikia marahaba na kuwasifu kwa usafi wao, maana ni watoto wema. Kisha nikaendelea na safari yangu polepole, nikikumbuka barabara ile ile enzi zetu, saa za mchana, maua yamekanyagwa na kunyauka na kuingia udongoni, na mbuzi wa watu wakiyamalizia. Sisi tulichomwaga hatukukiokota.