Theluji Inayofunika Nyayo

Asubuhi ile baba alikuwa anagombana na mbuzi. Mbuzi alikuwa ametafuna kamba ya kuanikia nguo, na baba alikuwa anamsemesha kama mtoto aliyetoroka shule, mimi nikicheka jikoni. Mama alikuwa anafagia uwanja. Kwetu, milimani Kivu, mwanamke hufagia kabla jua halijawa kali, kwa ufagio wa vijiti, akirudi kinyumenyume ili asikanyage alipokwisha kufagia. Udongo unabaki na mistari laini, bila hata alama ya kuku. Uwanja usiofagiwa unatangaza kwamba nyumba ina msiba, na mama hakutaka mtu atudhanie msiba.

Siku hizo tulikuwa tunasikia kwamba watu wenye silaha wako ng'ambo ya mto. Walichukua wanaume wa kuwabebea mizigo, na waliochukuliwa hawakurudi. Kwa hiyo baba alikuwa ameandaa pa kujificha: shimo la kuivishia ndizi, nyuma ya nyumba, lililofunikwa kwa magogo, majani ya migomba na udongo. Hata mimi niliyezaliwa pale nililipita bila kulikumbuka.

Mama alipoegemeza ufagio ukutani ndipo tukasikia risasi.

Baba alimwacha mbuzi, akavuka uwanja, akashuka shimoni na kujifunika kutoka ndani. Mama aliingia jikoni, akanishika mkono. Tukanyamaza.

Walikuja wachache. Niliwaona kupitia ufa wa mlango. Kiongozi wao alisimama pembeni mwa uwanja, akainamisha kichwa. Nilidhani anaona haya.

Kisha akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba.

Hakuuliza kitu.

Tulisikia magogo yakiondolewa. Tulisikia sauti ya baba ikisema, "Bon, ninatoka." Tukasikia risasi moja.

Waliondoka kwa njia ya migombani, na mbuzi wakaenda naye. Mama alipotoka jikoni, Papa Zawadi, jirani yetu wa nyumba ya juu, alikuwa tayari yuko uwanjani. Alifika hata kabla hatujapiga kelele. Ndiye aliyemtoa baba shimoni, ndiye aliyechimba kaburi, na ndiye ambaye mama hakumsamehe. Nani mwingine alijua lile shimo? Kwa nini nyumba yake hawakuigusa? "Ule mtu njo alituuzisha," mama alisema njia nzima ya ukimbizi, na mimi niliamini kwamba ndiye aliyetusaliti, kama ninavyoamini jina langu.

Sasa tunaishi ughaibuni, Buffalo, mimi na mama, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao huku Lower West Side. Papa Zawadi naye alikimbia, akapelekwa Louisville, kisha akahamia kwa mwanawe Columbus, mtaa wa Linden. Kila Krismasi alimpigia mama simu. Kila Krismasi mama aligeuza simu kifudifudi mezani, akaendelea kuchambua sombe, yale majani ya muhogo.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Mmoja wao ni Mama Chen, mwalimu mstaafu kutoka China, mkali kuhusu chai na mpole kuhusu mengine yote. Kiingereza chake na changu vyote ni vya kuungaunga, kwa hiyo tunaelewana vizuri. Theluji ikianza yeye hufurahi. Hutaka kiti chake kisogezwe dirishani, ananighania mashairi ya kale ya kwao, kisha ananieleza polepole. Washairi wale, alisema, walipotaka ukimya waliweka theluji. Walipotaka upweke, theluji. Mara ni maua yanayopukutika, mara ni mvi za askari aliyezeekea mpakani. Mimi nilimtania kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuikwangua kwenye gari saa ya kwenda kazini.

Siku moja theluji ilikuwa imekoma muda mfupi uliopita. Uani kwake hapakuwa na alama yoyote. Akaniambia kuhusu picha anayoipenda: mtu anamsindikiza rafiki yake, rafiki anaondoka, na theluji inafunika nyayo zake mpaka haijulikani alielekea wapi. Washairi waliililia sana theluji hiyo, alisema.

Nikamuuliza, "Na isipofunika?"

"Basi unaona kila kitu," akasema, akaninyooshea kidole nje. Tulipokuwa tunazungumza, mwenye nyumba, anayeishi ghorofa ya chini, alikuwa amevuka ua kwenda kibandani. Nyayo zake zilikwenda. Hazikurudi. Hata mtoto angejua kwamba mtu yumo ndani.

Kikombe kilinitoka mkononi.

Niliona uwanja wetu. Niliona mistari ya ufagio, na katikati yake alama za mabuti ya baba, kutoka kwa mbuzi hadi shimoni, mstari mmoja. Yule kiongozi wa wenye silaha hakuwa anaona haya. Alikuwa anasoma nyayo. Nikakaa sakafuni kwenye chai iliyomwagika, na Mama Chen akaniwekea mkono kichwani bila kuuliza.

Nilimpigia Papa Zawadi nikiwa bado njiani kwenda nyumbani. Sauti yake ilikuwa imechakaa, alikuwa mgonjwa. Nililia, nikamwomba msamaha kwa niaba yetu sote, nikamwambia leo hiihii nitamweleza mama kuhusu zile nyayo.

"Hapana, mtoto yangu," alisema. "Usimwambie."

"Papa, lakini ulijua?"

"Mi nilizionaka ile siku. Nilitoka mbio kule juu, nikazikuta. Donc, nilizifuta na mguu, kabla mama yako atoke." Alikohoa muda mrefu. "Afazali anichukie mimi. Akijua ni ufagio yake, atabaki na nani?"

Nilisimama barabarani na simu sikioni.

Alifariki kabla theluji haijaisha. Watu wa kanisa walikodi basi dogo kwenda Columbus kumzika, wakamwekea mama nafasi. Hakwenda. Alikaa na mimi jikoni, ameshika kikombe kwa mikono miwili, uso wake umetulia kuliko nilivyowahi kuuona tangu tutoke kwetu.

"Mungu amehukumu," akasema. "Mwenye kumuuzisha baba yako amekufa."

Aliniangalia, akisubiri.

"Ndiyo, mama," nikasema.